Karafuu Zimeungua Cheyo

TEKLA: Haloo? Nani mwenzangu?

FATMABAI: Haloo... unanisikia?

TEKLA: Kwa mbali. Nani?

FATMABAI: Ni mimi. Fatma. Mama Hetal, wa Cheyo.

TEKLA: [Kimya.]

FATMABAI: Haloo? Mama Octavian? Imekata—

TEKLA: Haijakata. Shikamoo.

FATMABAI: Marahaba. Hamjambo huko Kaliua?

TEKLA: Hatujambo. Nyie?

FATMABAI: Tupo. Baridi tu. Julai hii hata maji ya kunawa yanauma.

TEKLA: Huku pia baridi.

FATMABAI: Ee. Nilitaka kukuuliza. Ile masala ya chai, inatengenezwaje?

TEKLA: Mama Hetal, masala ile ulinifundisha wewe.

FATMABAI: Najua.

TEKLA: Jikoni kwako. Miaka kumi na minane tumekaa ukuta mmoja, kila baridi ikianza tunakaanga pamoja.

FATMABAI: Najua, najua. Nimesahau vipimo.

TEKLA: Umesahau.

FATMABAI: Uzee.

TEKLA: Miaka miwili hujanipigia. Leo unapiga kuuliza iliki.

FATMABAI: Na karafuu.

TEKLA: [Anapumua.] Haya. Una kalamu?

FATMABAI: Ya nini? Kikaango kiko motoni. Sema tu.

TEKLA: Iliki vijiko vinne. Tangawizi kavu vitatu, hiyo haikaangwi. Mdalasini vijiti viwili, urefu wa kidole. Pilipili manga kijiko kimoja. Karafuu nusu, isizidi, ikizidi chai inakuwa dawa ya jino.

FATMABAI: Na kungumanga ya kukwaruza mwishoni.

TEKLA: Mbona unakumbuka?

FATMABAI: Imenijia tu. Sasa motoni, dakika ngapi?

TEKLA: Dakika? Lini tulihesabu dakika? Harufu ikipanda, unaepua.

FATMABAI: Kwa kukadiria. Tano? Kumi?

TEKLA: Umeweka nini hapo?

FATMABAI: Karafuu na pilipili manga.

TEKLA: Toka saa ngapi?

FATMABAI: Toka ulipopokea simu.

TEKLA: Heee! Zinanukiaje?

FATMABAI: Vizuri.

TEKLA: Vizuri vipi?

FATMABAI: Vizuri kawaida— subiri. [Mwanamume anakohoa kwa mbali.] Nini, Fakhrudin? Moshi gani? Ya Allah!

TEKLA: Haloo? Kuna nini? Mama Hetal! Fatma!

FATMABAI: [Mlio wa kikaango. Maji.] Nipo. Zimeungua.

TEKLA: Zote?

FATMABAI: Mkaa mtupu. Nilikuwa dirishani, huku ndiko mtandao unashika. Mzee wangu kauona moshi kutoka barazani.

TEKLA: Na wewe hatua tatu kutoka jikoni hukusikia harufu? Mama Hetal?

FATMABAI: Sisikii harufu, Tekla. Yoyote.

TEKLA: Mafua?

FATMABAI: Yalikuwa mafua. Mwaka juzi. Siku kumi na moja sijainuka kitandani. Nilipoinuka, pua imekufa. Nimenusa vitunguu, nimenusa mafuta ya taa, nimenusa soksi za Fakhrudin. Hakuna kitu.

TEKLA: Mwaka juzi mwezi gani?

FATMABAI: Septemba.

TEKLA: Septemba ndiyo mume wangu Damas—

FATMABAI: Ndiyo. Ndiyo alipofariki.

[Mtandao unakwaruza.]

TEKLA: Fakhrudin alikuja msibani. Alisema, "Fatma hajisikii vizuri." Basi. Nikajiuliza, hajisikii vizuri vipi, mtu wa ukuta mmoja?

FATMABAI: Nilikuwa nawasikia mnalia. Nikashusha mguu chini, nikaanguka. Nilipopata nguvu mlango wenu una kufuli. Mmeshamsafirisha kwenda Kaliua, nawe hukurudi.

TEKLA: Ungepiga simu.

FATMABAI: Wiki ya kwanza sauti haitoki. Ya pili nikaona nimechelewa. Mwezi ukaisha, nimechelewa zaidi. Kila nikizidi kuchelewa—

TEKLA: Ikawa ngumu.

FATMABAI: Ikawa ngumu.

TEKLA: Nilikuwa naangalia mlango, Fatma. Kila anayeingia nadhani wewe. Na leo umepiga kwa ajili ya masala.

FATMABAI: Huyu Fakhrudin kila asubuhi anakunywa chai yangu, anasema nzuri sana. Juzi Jignesh wa dukani ananiambia, "Mama, mumeo anakunywa chai kwangu kila siku saa nne. Vikombe viwili." Miaka miwili! Hajasema neno.

TEKLA: Ulikuwa unaweka nini humo?

FATMABAI: Nilikuwa nakadiria. Hetal alipokuja likizo alisema inanuka mchuzi.

TEKLA: [Sauti ya kubana pumzi.]

FATMABAI: Usicheke.

TEKLA: Sicheki.

FATMABAI: Unacheka.

TEKLA: Kidogo. Sikia. Ulimi unawashwa bado?

FATMABAI: Kuwashwa nawashwa. Chumvi na sukari napata.

TEKLA: Basi. Tangawizi utaipima kwa ulimi. Iliki tazama ganda, likifura na kupauka, toa. Mdalasini uvunje, ukilia ka! umekauka. Pilipili manga zikianza kuruka, epua. Karafuu usikaange kabisa, ibonyeze kwa ukucha, ikitoa mafuta ni nzima.

FATMABAI: Polepole, naandika.

TEKLA: Si umesema kalamu ya nini?

FATMABAI: Ukucha... mafuta... Ee. Endelea.

TEKLA: Nimemaliza. Usitwange. Alhamisi nakuja na basi la asubuhi, ninuse mwenyewe kabla hujamwua mtu.

FATMABAI: Utakuja?

TEKLA: Nimeshasema.

FATMABAI: Tekla... pole ya Damas.

[Mtandao unakwaruza.]

TEKLA: Sijasikia.

FATMABAI: Nimesema pole ya Damas.

TEKLA: Sijasikia.

FATMABAI: Umesikia wewe.

TEKLA: Nimesikia. Rudia.

FATMABAI: Pole sana ya Damas, Tekla. Alikuwa mtu mwema. Nilipaswa kuwa pale.

TEKLA: Ulipaswa. Asante.

FATMABAI: Salio linaisha, lin— Alhamisi nije stendi?

TEKLA: Njoo. Uwahi. Nisijikute naangalia tena mlan—

[Simu inakatika.]