Mama Wilkista na Maktaba Nne Zilizokosekana

Na Janefer Chelimo, Idara ya Ubora

Ijumaa hii, tarehe 29 Agosti 2025, Mama Wilkista Amondi Obiero anastaafu baada ya kutumikia kiwanda chetu cha chai kwa miaka ishirini na tisa. Alikuja mwaka wa 1996 kutoka upande wa ziwa, akiwa mpiga chapa wa muda wa miezi mitatu. Anaondoka akiwa fundi mkuu wa kompyuta.

Hakuna chuo kilichomfundisha kazi hiyo. Kompyuta ya kwanza ilipoletwa, wakubwa waliogopa kuigusa, ikawekwa mezani kwake kwa sababu ndiyo meza iliyokuwa karibu na soketi. Akasoma kitabu chake ukurasa kwa ukurasa, na mwaka haukuisha kabla hajaifungua kwa bisibisi. Tunamjua kwa thermosi yake ya uji wa wimbi, na kwa kuuliza "Umebonyeza nini?" kabla hata ya kukusalimia.

Lakini tuliokuwepo Mei 2023 tunamkumbuka kwa siku moja.

Jumatano alasiri radi ilipiga na kuua kompyuta iliyoendesha feni za vitanda vya kunyaushia majani pamoja na joto la mashine ya kukausha. Alhamisi asubuhi kulikuwa na tani arobaini za majani mabichi vitandani, na malori mengine yalikuwa njiani kutoka Silibwet. Majani yakikosa hewa hujichemsha yenyewe, huwa mekundu, na hapo hayana kazi tena.

Kompyuta mpya ilikuwepo stoo. Shida ilikuwa programu. Kampuni iliyoiandika ilifungwa zamani, na kilichobaki ni diski yenye msimbo, yaani yale maandishi ambayo programu hujengwa kutokana nayo. Ilibidi Mama Wilkista aijenge upya. Na programu hiyo ilitegemea maktaba nne, vipande vya kazi vilivyoandikwa na watu wengine, ambavyo programu huviazima badala ya kuanza kila kitu mwanzo. Maktaba zenyewe zilikuwa za zamani, na kompyuta ilikuwa ya juzi.

Alianza saa tatu. Dakika tano baadaye kioo kilijaa maandishi ya kukataa. Bwana Kipkoech, meneja wa uzalishaji, akaanza kusoma ya chini kabisa.

"Makosa mia mbili! Tutamaliza lini?"

"Meneja, usisome ya mwisho. Soma ya kwanza," akamwambia. "Hizo zingine zote ni kelele ya hiyo moja."

Maktaba ya kwanza ilikuwepo, ila faili za kuitambulisha wakati wa kujenga ndizo zilizokosekana. Hiyo ikawa rahisi. Ya pili ilikuwa mpya mno, na kazi zake zilikuwa zimebadilishwa majina. Akatafuta toleo la mwaka wa 2009 kwa intaneti ya simu. Toleo hilo nalo likadai maktaba ya tatu. Kila alipofungua mlango alikuta mwingine umefungwa. Mimi nilikuwa naenda kugusa majani kila robo saa. Kitanda cha sita kilikuwa moto kama paji la uso la mtoto mwenye homa.

Saa tano na nusu ilibaki maktaba moja. Tovuti yake haikuwepo tena.

"Hiyo ya nne inafanya nini?" Kipkoech akauliza.

"Inasoma kipimajoto na kufunga hewa moto joto ikizidi."

"Basi itoe. Tutairudisha kesho. Saa hii tuwashe tu."

Ilikuwa inawezekana, kufuta mistari michache tu. Lakini programu ni moja, na ikiwasha feni inafungulia pia hewa moto ya mashine ya kukausha. Mama Wilkista ndiye aliyepiga chapa ripoti ya mwaka wa 2004, vumbi la chai liliposhika moto kwenye mashine ya kukausha na kumuunguza mfanyakazi mmoja, Ouko, mikono yote miwili.

"Naweza kuitoa kwa dakika kumi," akasema, akionyesha upande wa mashine ya kukausha anayoiendesha Chepchumba. "Alafu Chepchumba atasimama pale kwa mashine bila kitu ya kumlinda. Siitoi."

"Majani ikiharibika, ni jina yako nitaandika."

"Andika."

Kipkoech akatoka.

Mama Wilkista akampigia Eliakim Nyakundi, aliyewahi kufanya kazi katika kampuni iliyoandika programu na sasa anatengeneza simu Silibwet, kumuulizia maktaba ile. "Dada, ile kompyuta yangu ya zamani iko juu ya dari," Nyakundi akajibu. "Hata sijui kama inawaka." Dakika arobaini zikapita bila habari. Akapiga tena, haikushikwa. Akapiga mara ya tatu, simu ikawa imezimwa.

Saa nane kasorobo Nyakundi akaingia amelowa mvua, pikipiki ikinguruma nje, na kadi ya kumbukumbu ndani ya mfuko wa plastiki. Maktaba ilikuwemo.

Programu ilipokubali kujengwa, sote tulitaka feni. Yeye alimwomba Chepchumba kwanza atie kipimajoto kwenye maji yanayochemka. Mlango wa hewa moto ukajifunga kwa kishindo. Ndipo akawasha feni.

Tulimwaga majani ya vitanda viwili. Vingine vyote vilipona. Kipkoech aliandika barua ya onyo kama alivyosema, na Mama Wilkista akaitia sahihi. Wiki tatu baadaye meneja alishinda zamu nzima kando ya Chepchumba kwenye mashine ya kukausha. Kesho yake akaiondoa barua hiyo mwenyewe.

Tangu hapo Mama Wilkista alisumbuliwa na jambo moja: nani ataijenga programu ile akiwa hayupo? Akaweka maktaba zote nne kwenye diski tatu, na hatua zote kwenye daftari. Julai hii aliomba mtu asiyejua lolote azifuate kwenye kompyuta ya akiba. Akamchagua Kipkoech.

Siku ya kwanza Kipkoech alimpigia simu mara kumi na moja. Mama Wilkista hakushika, maana daftari lilipaswa kujitosheleza. Alikaa kwenye kantini akikoroga chai mpaka ikapoa. Jioni ikajulikana kwamba daftari halikusema maktaba ya tatu hujengwa kabla ya ya pili. Mikono yake ilikuwa imezoea, kalamu ikasahau. "Kosa ni langu," akasema, akaongeza mstari huo.

Siku ya pili, saa nne, Kipkoech akatokea mlangoni. "Mama, imekubali."

"Umejaribu kama inafunga hewa?"

"Mara mbili."

Ndipo akaagiza chakula, akala sahani nzima.

Mama Wilkista, hatutajifanya kwamba hatuna wasiwasi na Jumatatu. Tunao. Lakini umetuachia njia, na umehakikisha inapitika. Mungu akupe afya na siku nyingi za utulivu nyumbani kwako upande wa ziwa. Erokamano. Kongoi. Asante, Mama.