Sketi ya Bati

Asubuhi hiyo benchi la mbele ya karakana ya Cheche lilikuwa limejaa, na macho yote yalikuwa juu ya paa. Cheche, mchomeleaji, alikuwa amesimamisha huko pangaboi la upepo lililofungwa dainamo ya gari bovu, na siku tisa zilizopita akalivisha sketi ya bati: mdomo mpana upande unaopokea upepo, mwembamba upande wa nyuma. Lengo lilikuwa taa moja tu, ya chumba cha ndani ambako mkewe hushona. Kabla ya sketi, taa ilikuwa inakonyeza. Baada ya sketi, hata kukonyeza kukaisha. Sasa mkewe alishafunga cherehani kwa shuka. Saa nne angeihamishia kwa dada yake mtaa wa pili, kwenye mwanga. Cheche aliona aibu ya mtu aliyeahidi mbele za watu. Basi akafanya wanachofanya wote wa benchi lile: akaagiza kahawa.

— Haraka haraka haina baraka, alisema Profesa, aliyepewa jina hilo kwa kulinda geti la chuo miaka ishirini. Tazama linavyojivuta. Hilo lina baraka tele!

— Baraka haziwashi taa, Profesa, alisema Cheche.

— Tatizo ni mdomo, alidakia Dumu, muuza mafuta ya taa, ambaye wazo la sketi lilikuwa lake. Faneli ya kumiminia ilikuwa bado mkononi mwake. Si nilikwambia? Upepo na mafuta ni kitu kimoja. Unamimina penye upana, yanatoka kwa nguvu penye wembamba. Ongeza bati mbele.

— Nimeongeza mara mbili, kaka. Kila nikiongeza, linapunguza mwendo.

— Ongeza ya tatu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba kitajaa nini, na upepo hauingii?

— Unaingia, ila unaona haya, alisema Profesa. Umelifunika pangaboi la watu gubigubi. Mficha uchi hazai!

Kahawa ikampalia Dumu. Alipopata pumzi akaja na jipya.

— Paka mafuta ya taa ndani ya bati, upepo uteleze.

— Ili nichome na paa?

— Wewe naye! Mnataka umeme, mnaogopa moto.

— Sikilizeni, Profesa akashusha sauti kama anatoa siri ya mtihani. Upepo wa siku hizi umechoka. Umepita maghorofa yote yale, ukifika kwetu unataka kukaa tu.

— Kama wewe.

— Kama mimi. Dawa yake ni kusukumwa. Weka pangaboi la pili, la umeme, mbele ya hilo, lilipulize.

— Na umeme wa hilo la pili utoke wapi?

— Kwenye la kwanza!

Cheche, Mungu amsamehe, akajikuta anatafakari.

Hapo akatokea mama mkwe wake. Benchi zima likasimama.

— Shikamoo mama.

— Marahaba, wanangu. Nimekuja kumsaidia binti yangu kubeba cherehani.

Mama huyo alioka mikate miaka thelathini, na mikono yake ilikuwa na alama za tanuri mpaka kwenye viwiko. Akainua macho, akalitazama lile bati kwa muda.

— Mkwe wangu, huo upepo ukishaingia humo, umeuwekea pa kutokea?

Dumu aliigeuza faneli yake, akaichungulia tunduni kana kwamba jibu limekwama humo.

— Pa kutokea papo, mama, alisema Cheche. Ila ni padogo.

— Padogo. Mimi nikiziba bomba la moshi, hata nifungue mlango wote wa tanuri, moto hauvuti. Hewa haiingii mahali ambapo iliyotangulia haijaondoka. Ikiona foleni, inapita pembeni.

Cheche hakuagana na mtu. Alipanda ngazi na spana, akalegeza boliti, akaigeuza sketi: mwembamba mbele, karibu na mapanga, mpana nyuma. Pangaboi likasita. Kisha likaanza kuzunguka kwa mvumo ambao hakuwahi kuusikia, na chini yake, kupitia upenyo wa bati la paa, akaona chumba kimekuwa cheupe kwa mwanga. Mkewe alisimama katikati. Halafu akaifungua ile shuka, akaikung'uta, akavuta kiti. Cherehani ilipoanza kulia, Cheche alifurahi mpaka akasahau kushuka.

Huko chini ushindi ulikuwa umeshapata wenyewe.

— Faneli ina pande mbili, alisema Dumu. Mimi nilitaja mmoja, wa pili nilijua atajiongeza.

— Mimi nilijua tangu siku ya kwanza, alisema Profesa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Mama mkwe aliketi kati yao, akapokea kikombe.

— Kama mlijua wote, siku tisa hizi mlikuwa mnangoja nini?

Profesa alichungulia birika. Dumu naye akachungulia. Lilikuwa bado nusu, lakini kwa mara ya kwanza asubuhi ile wawili hao walikubaliana kwamba kahawa imekwisha.