Bwana Ikiwa na Kanuni Isiyo na Mwenyewe

Ndugu zetu mliofika, majirani, na nyinyi wa ofisini mliobanana kule nyuma karibu na mlango kama watu wanaotaka kuwa wa kwanza kuondoka, poleni kwa msiba, nimepewa kazi ya kusoma maisha ya mdogo wangu kwa sababu katika watoto wa mama yetu nimebaki mimi peke yangu, nimeyaandika kwa mkono wangu na elimu yangu ya darasa la saba, na wanawe walipoomba wayapitie kwanza ili wayapunguze niliwaambia maisha ya baba yenu yameshapunguzwa vya kutosha.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne na kitinda mimba, akaanza shule ya msingi ya karakana mwaka 1968, akaenda sekondari ya bweni mwaka 1975, na mwaka 1982 akaingia chuo cha ufundi kusomea hesabu na mashine za kuhesabia, na kote huko sifa yake ilikuwa moja, kwamba mwalimu akieleza jambo likaisha na darasa zima likaelewa, yeye alinyoosha mkono akauliza, na ikiwa sivyo je, swali lililomletea viboko vingi na marafiki wachache.

Tarehe 2 Juni 1986 aliajiriwa na shirika la bima ya matibabu ya wafanyakazi wa viwandani, akapewa chumba ghorofa ya tatu kisicho na dirisha, chenye baridi ya mashine mchana kutwa, ambamo alishinda na sweta hata wakati sisi huku nje tunajipepea kwa magazeti, na kazi yake ilikuwa kuifundisha kompyuta nani apewe kibali cha kutibiwa na nani asipewe. Tarehe 19 Desemba 1990 alimwoa wifi yangu huyu mnayemwona, mshonaji wa sare za shule, mwanamke asiyenyamaza ila akiwa na pini mdomoni, wakajaliwa watoto watatu, wa kike wawili na wa kiume mmoja, wote wapo hapa, na wote wana kichwa kigumu cha baba yao.

Sasa lazima nieleze kazi yake, maana bila hiyo hamtaelewa kifo chake, na nitaieleza kama alivyonieleza mimi. Programu ya kompyuta ni kama mtumishi anayetii tu, na zamani kanuni za shirika, yaani nani analipiwa miwani, nani jino, nani uzazi, zilikuwa zimekorogwa humohumo ndani ya maelekezo ya mashine yenyewe ya kujumlisha na kuchapa na kufunga hesabu za siku, kila kitu sufuria moja, kiasi kwamba wakubwa wakitaka kubadili neno moja kuhusu miwani, ilibidi yeye aifungue programu nzima, na akirekebisha miwani anaharibu meno. Mwaka 2011 alisimama mbele ya wakubwa akawaambia hivi haiwezekani, kanuni zitolewe humo zikae mahali pake, ziandikwe kwa maneno ya kawaida ambayo hata karani anaweza kuyasoma, kila kanuni iwe na namba na iwe na mwenyewe, mtu mwenye jina aliyetia sahihi, na ibaki hivyohivyo mpaka mwenyewe atie sahihi nyingine ya kuibadili au kuifuta, na programu ibaki na kazi ya kusoma na kutii basi.

Wakamkubalia, na kwa miaka minne alichomoa kanuni moja moja, kila moja inaanza na neno ikiwa na katikati ina neno basi, ndiyo maana kazini wakamwita Bwana Ikiwa, naye alikuwa anakuja nazo nyumbani anatusomea sebuleni, nikikunja uso kanuni inarudi kuandikwa upya, wifi yangu akawa anamjibu kwa lugha yake hiyohiyo, ikiwa mume hajaleta gesi basi na chakula hakuna, na watoto wakacheka mpaka wakapaliwa. Tarehe 30 Septemba 2015 kazi ikaisha, pale ofisini wakakata keki, mkurugenzi akasema sasa katika mashine yetu hakuna kanuni iliyojificha, na mwaka 2021 mdogo wangu akastaafu, akawa mtu wa kumwagilia mchicha wake na kubishana na redio.

Agosti 2023 alilazwa hospitali ya wilaya kwa ajili ya moyo, akatoka, Januari 2024 akalazwa tena kwa moyo huohuo, akatoka, na tarehe 6 Mei akalazwa mara ya tatu, daktari akasema safari hii ni upasuaji na usicheleweshwe, ombi la kibali likapelekwa kwenye bima, jibu likarudi neno moja, Asubiriwe, bila namba ya kanuni na bila jina la mwenyewe. Aliyerithi kiti chake ofisini, mama mmoja mnayemfahamu kwa jina la Mama Swichi, alidhani ni hitilafu, akaomba ruhusa kwa mkurugenzi, akapitisha kibali kwa mkono, kikapita, lakini asubuhi alipowasha kompyuta akamkuta mgonjwa amerudishwa kwenye kusubiri, akapitisha tena, kesho yake amerudishwa tena, na katika jengo zima hakuna mkono wa mtu uliogusa.

Mama Swichi akaja wodini, mimi nikiwa hapohapo namenya chungwa, akamwambia mzee mimi si mtu wa kuogopaogopa, lakini mashine yako ina mtu ndani, sisi tunafunga milango tunakwenda kwetu, yeye anabaki anatengua. Mdogo wangu akaomba aoneshwe hilo jibu, akashika simu ya Mama Swichi akaisogeza karibu na macho, kisha akasema kwa sauti ya mtu aliyeitwa jina lake na asiyemtarajia, ni mimi huyo. Akaeleza kwamba mafundi wengine wote waliowahi kufanya kazi pale waliandika Amekataliwa, yeye peke yake ndiye aliyekuwa akiandika Asubiriwe, kwa sababu aliona lina adabu zaidi.

Ilimchukua Mama Swichi siku kadhaa kuitafuta kwa maelekezo ya kitandani, akaikuta mahali pasipo na mtu wa kupekua, kwenye kipande cha programu kinachofunga hesabu za siku, kwa kuwa nani angedhani kufunga siku kuna maoni juu ya mgonjwa, na inasema hivi, nami naisoma kama ilivyo, ikiwa mwanachama amezidi miaka sitini, na analazwa mara ya tatu kwa ugonjwa uleule, basi asubiriwe. Haisemi asubiriwe mpaka lini. Na kwa kuwa hakuna aliyeiambia mashine kwamba mtu hufa, wote waliowahi kusubirishwa walikuwa bado wamo, tangu mwaka 1993, kila siku ikifungwa mashine inawachukua mmoja mmoja, inauliza kama huyu atibiwe, inajijibu asubiriwe, inawarudisha mahali pao, watu ambao wengine nimewazika mwenyewe, na miongoni mwao yumo mume wangu, fundi wa kuchonga vyuma, aliyekufa tarehe 11 Novemba 2008 kwa figo, akiwa amelazwa mara ya tatu.

Hilo sikuambiwa na Mama Swichi, aliniambia mdogo wangu mwenyewe, akawatoa watu wote akabaki na mimi, akaniita dada kama alivyokuwa akiniita akiwa amevunja kitu, akasema mwaka 1993 mkurugenzi wa kwanza, ambaye naye yuko udongoni, alifunga mlango akamwagiza kwa mdomo, bila karatasi, kwamba wagonjwa wa namna hiyo wanakula fedha na mwisho ni uleule, naye akaiandika kabla ya chakula cha mchana, akaificha, na baada ya hapo akaisahau kabisa, hata shemeji yake alipolala akisubiri kibali na mimi nikamtuma akaulize ofisini, aliuliza kwa moyo mweupe, akarudi akaniambia dada, hakuna kanuni inayomzuia. Ninamwamini kwamba alisahau, na hilo ndilo linalonitisha kuliko kama angekuwa ananidanganya.

Nilimwambia, itoe.

Akacheka kidogo mpaka mashine ya moyo ikapiga kelele, akasema haitoki, dada, kwa utaratibu nilioweka mimi mwenyewe kanuni haifutwi ila kwa sahihi ya mwenyewe, na hii haina mwenyewe. Mkurugenzi wa sasa alifika wodini, mama mstaarabu, yupo hapa, akasema yuko tayari kumtafutia ndugu yetu njia ya pembeni, yeye peke yake, lakini kutia sahihi hawezi, kwa kuwa atakayeifuta atakuwa amekiri kwamba ilikuwepo, na itakuwa yake. Wifi yangu akamwambia mumewe, baba, kubali hiyo njia ya pembeni, upone kwanza, mengine baadaye, na wanawe wakamwambia hivyohivyo, na sitawalaumu, lakini wodi ileile, kitanda cha dirishani, kulikuwa na mzee mwingine anayesubiriwa, na hakuna aliyemletea njia ya pembeni wala ya mbele.

Tarehe 21 Mei mdogo wangu akaagiza kanuni ile iandikwe mahali pa wazi pamoja na nyingine, ipewe namba, na penye jina la mwenyewe liandikwe jina lake kamili, matatu yote, akatia sahihi kuwa ni yake, kisha akatia sahihi nyingine ya kuifuta, Mama Swichi akimshikia ubao, na wifi yangu akiwa ameegemea ukuta, kimya, na siku hiyo hakuwa na pini mdomoni.

Siku ikafungwa, na asubuhi vibali vikatoka, cha kwake, cha mzee wa dirishani, na vya wote waliokuwa wakisubiri, nasema wote, mashine iliwachukua walio hai na wafu ikawapitisha, na kila aliyekuwa na namba ya simu, yake au ya ndugu aliyemwandikisha, ikamwandikia. Mimi nilikuwa nafagia uwanja simu ikalia mfukoni, nikasoma kwamba mume wangu, kwa jina lake kamili, ameruhusiwa matibabu, afike hospitali mapema akiwa hajala kitu. Nilikaa chini palepale na ufagio. Nasikia wapo waliokwenda hospitali na ujumbe huo mkononi, mwanamke mmoja akasimama dirisha la mapokezi anauliza mama yake aingilie mlango gani, na najua wengine wenu humu mmeupata, wengine mmekuja kuzika na wengine mmekuja kumwona aliyefanya hivyo, nanyi nawakaribisha, kaeni.

Upasuaji ulifanyika tarehe 24 Mei, daktari akasema ulikuwa mzuri ila moyo umefikishwa kwake ukiwa umechoka, na ndugu yetu akafariki tarehe 27 Mei 2024, saa tatu asubuhi, ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne na mimi. Mzee wa dirishani amekwenda kwao kwa miguu yake.

Jana watu wa ofisini walikuja nyumbani wakiwa wamevaa vizuri, wakaniomba mambo mawili, kwamba haya niyaruke katika kusoma, na kwamba familia ikubali jina la marehemu liondolewe kwenye kumbukumbu za kanuni ile iliyofutwa, ili wanawe wasije kunyooshewa vidole, wakasema ni kwa heshima yetu. La kwanza mmeshasikia jibu lake. La pili nilizungumza na wifi yangu na watoto, tukalia, tukatukanana kidogo, na jibu letu ni kwamba jina libaki palepale, maana mkiliondoa kanuni itarudi kuwa haijaandikwa na mtu, na ikiwa haikuandikwa na mtu, kesho mtu mwingine atafungiwa mlango aambiwe aiandike tena. Vidole tutavistahimili, kwetu si vigeni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, waliomtibu kama mtu na si kama kibali, tunawashukuru majirani kwa viti, maji na kuvumilia kelele zetu, tunamshukuru Mama Swichi, ambaye kuanzia sasa ni ndugu, na tunawashukuru wenzake wa kazini, mliobaki mpaka mwisho ingawa mlango ulikuwa karibu.

Mdogo wangu, kazi imekwisha, lala salama. Shemeji yako ukimkuta, mwamkie wewe kwanza.