Bei Isiyoshuka

Bishara, muuza maziwa ya ngamia, alikuwa amefumba macho ndani ya basi la kutoka Bura kwenda Garissa, lakini masikio yake hayakulala. Kiti cha mbele, kijana mwenye simu alikuwa akimfundisha mzee Kerrow, mchuuzi wa mbuzi, namna ya kutajirika angani.

"Adeer, ami yangu, kwenye huu mchezo wa simu nanunua chuma nyota hii, nauza nyota ya pili kwa bei mara mbili. Narudi tena. Bei haishuki."

"Haishuki? Hata ukipeleka kila siku?"

"Wallahi haishuki. Lakini wenye mchezo wanasema ni kasoro, wataiziba. Eti sisi ni wezi."

Mzee akawaka kana kwamba ametukanwa yeye. "Kununua rahisi na kuuza ghali ni wizi? Basi Garissa nzima tufungwe!" Kisha akashuku. "Lakini bei isiyoshuka... kwani huko nyotani hakuna Wasomali wa kuishusha?"

"Ni mimi peke yangu, adeer. Sijamwambia mtu," kijana akanong'ona, mnong'ono uliofika kiti cha mwisho.

Basi likasimama kwenye kizuizi cha barabarani. Askari akaagiza watu washuke na vitambulisho. Hakushuka mtu, kila mmoja alikuwa ameinamia simu yake akiutafuta mchezo wa nyota. Bishara akamgusa kijana begani. "Mwanangu, huo mchezo unaitwaje?"