Likizo Sita za Jenista

JENISTA: Haloo? Nani mwenzangu?

EVA: Ni Eva. Shikamoo dada.

JENISTA: Marahaba. Mbona namba ngeni?

EVA: Laini ya Zambia. Leo hapa Tunduma mtandao wetu [mkwaruzo] — unanipata?

JENISTA: Kwa mbali. Mama hajambo?

EVA: Yupo hapa kwangu, uani. Kafika jana kutoka Ikinga na debe la ulezi. Kashaloweka kimea, togwa ya kukupokea Desemba.

JENISTA: Jamani, si nilisema mwaka huu pia—

EVA: Ulisema kwangu. Kwake huwa nasema mimi. Dada, ule mkataba wako wa kazi, ulionitumia nijifunzie Kijerumani...

JENISTA: Enhee, umeuelewa? Na wewe ukija huku utasaini kama—

EVA: Kwenye likizo pameandikwa jährlich.

JENISTA: Wapi hapo?

EVA: Ulituambia likizo ni moja tu, mpaka mkataba uishe.

JENISTA: Eva, Kijerumani cha mikataba kina mambo yake—

EVA: Hilo neno tulifundishwa wiki ya tatu. La kitu kinachorudi kila mwaka, kama mavuno, kama sikukuu ya kuzaliwa. Mwalimu akataka kila mtu atunge sentensi. Nikaandika, dada yangu hupata likizo jährlich. Akanipa vema.

JENISTA: [Mkwaruzo] ...sikupati vizuri.

EVA: Unanipata. Miaka sita. Likizo sita ulizipeleka wapi?

JENISTA: Tanga.

EVA: Tanga hii hii?

JENISTA: Kwa wakwe. Nimeolewa, Eva. Anaitwa Abdulwahab. Niliogopa mama na mambo yake ya kanisa—

EVA: Kwa hiyo kila Desemba uko Tanzania, unapikiwa huko, na mimi huku namdanganya mama. Hata kumjaribu hukumjaribu. Imeniuma, dada. Ningekutetea mbele ya yeyote, unajua hilo.

JENISTA: Nisamehe mdogo wangu. Ila usimwambie kwanza, nitafute—

EVA: Ngoja, anauliza ni nani. Ni Jenista, mama... Anauliza unakuja lini.

JENISTA: Mwambie mwakani.

EVA: Hiyo mwakani nimemwambia mara sita. Sema mwenyewe, nampa simu.

JENISTA: Eva, usi— Eva, salio langu linakata—

EVA: Aliyepiga ni mimi, dada. Mama, shika.