Avoka Niliyomunyang'anya Mutoto Yangu

Ndugu zangu wa shirika la kanisa, bapapa na bamaman wa hapa Kasha, muniache niseme nikiwa nimesimama. Majina sitataja. Mwenye kujitambua ajinyamazie, na wa kwanza kujitambua nitakuwa mimi.

Munajua nauzisha makala. Bwana yangu alikwenda mu machimbo ya zahabu upande wa Mwenga, habari zake zikakatika, nikabaki na mutoto mwanamuke wa miaka mbili na nusu. Tulikuwa tunakula bugali ya muhogo. Asubuhi bugali ya jana, mangaribi bugali ya leo, na lenga-lenga yenye maji mingi kupita majani. Na nilikuwa najisifu! Musicheke. Kwetu mutu anaweza kumaliza ndizi tano na avoka mbili, ukimuuliza kama amekula, anakujibu, "Hapana, sijakula." Juu bugali haijapita mu koo. Si ndiyo vile tulilelewa?

Halafu mutoto akaanza kunenepa. Mashavu ikajaa, miguu ikajaa. Ku robine ya kuchotea maji bamaman waliniambia, "Ee maman, unamulisha nini? Angalia mashavu!" Nilirudi na bidon yangu ya maji kichwani nikicheka peke yangu.

Siku moja namuvalisha sandale, haiingie. Ni ile ile alivaa juma lililopita. Namuangalia uso, hacheki. Nashika nywele, zimekuwa nyepesi, za rangi ya vumbi, zinabaki mukononi. Ndugu zangu, nawaambia, nilishikwa na woga. Mu avenue yetu batoto wawili walikuwa wamekufa wakiwa wamevimba hivyo, na watu walisema neno moja tu: karuho. Sumu. Kuna mutu amewalisha.

Kutoka siku ile nikaanza kuchunga mikono ya watu. Muchana moja, saa sita, natoka sokoni, namukuta mutoto ameketi karibu na lupango ya kutenga viwanja, mudomo umepakaa kijani, mukononi iko nusu ya avoka. Upande wa pili amesimama jirani yetu, maman mwenye ule muti wa avoka unaopita juu ya paa yangu. Desturi yetu munaijua: mwenye kutoa anaonja kwanza, mbele ya macho ya mwenye kupokea. Na hakuna aliyeonja mbele yangu.

Nikamunyang'anya. Nikamutia kidole mu koo mupaka akatapika. Ile avoka nikaitupa nyuma ya choo.

"Maman, ni avoka tu," jirani akasema.

"Wewe mutu wa sumu!" nilipiga kelele, na avenue nzima ikasikia. Kutoka siku ile watu waliacha kumusalimia. Hiyo dhambi ni yangu, sitaipunguza.

Nikamupeleka mutoto kwa mutu wa dawa za miti. Hakumugusa hata, akasema adui anaishi karibu, akanipa maji machungu ya kumutapisha. Siku tatu namunywesha. Siku ya ine hakusimama tena. Nikaacha kwenda sokoni. Nilifunga dirisha na kitenge ili mukono wa mutu usipite, nikaketi naye mu giza ya muchana, kila mara naweka vidole chini ya pua yake nisikie kama pumzi bado iko. Niliogopa kupika, niliogopa kuenda kuchota maji, niliogopa hata kuomba Mungu kwa sauti.

Jumapili, watu wakitoka misa, mulango ukagongwa. Ni yeye, jirani wa avoka. Nikakamata muiko wa bugali.

"Maman, utanipiga kisha," akasema. "Acha kwanza niguse muguu yake."

Sijui kwa nini nilimuacha. Alipiga magoti, akafinya muguu wa mutoto na kidole gumba, akangoja, akaondoa. Shimo likabaki. Ndugu zangu, shimo mu nyama ya mutoto yangu, na halirudi! Muiko ukanianguka.

"Hii si karuho," akasema. "Iko bwaki. Ni ugonjwa wa kukosa chakula bora. Mi nilizika mutoto yangu na mashimo kama haya. Na mi pia nilishitaki jirani."

Nikatoa kitenge ku dirisha. Ni yeye alimubeba mutoto mugongoni, tukashuka mupaka kituo cha afya. Niseme ukweli wote? Nilitembea nyuma yake nikiangalia mikono yake, kama haimupe kitu.

Enfirmiye, muuguzi wa pale, akaniuliza mutoto anakula nini.

"Bugali, maman. Anashibaka."

"Na tunda?"

"Tunda si chakula."

Akasema, "Sikia, maman. Bugali ya muhogo inajaza tumbo na kutoa nguvu. Lakini ya kujenga mwili, ni kidogo sana. Avoka iko na mafuta mazuri, iko na vitamini, hata kwa kujenga mwili inapita kidogo ile bugali yako. Sasa usikimbie kumulisha avoka tupu, peke yake haiponyeshe bwaki. Hapa ataanza na maziwa ya dawa. Akirudi nyumbani, bugali ipunguke, ipate maharagi, samaki wadogo wa sambaza, karanga, na tunda juu yake."

Jirani yangu alikuwa amesimama ku mulango, anasikia yote. Angeweza kusema, "Nilimupa avoka, akaitupa nyuma ya choo." Hakusema.

Kupona kwenyewe kulinitisha. Maji ilipotoka mwilini, mashavu ikapotea, nikaona mutoto yangu wa kweli: mifupa. Yale mashavu nilijisifia ilikuwa maji tu. Nililia mupaka enfirmiye akanifukuza niende kunawa uso. Kisha asubuhi moja mutoto akasukuma kijiko na kunikasirikia. Nguvu ya kukasirikia mama imerudi, ndugu zangu! Nilipiga vigelegele.

Tuliporudi, nilisimama mu avenue, pale pale nilipopiga kelele, nikaomba musamaha watu wakisikia.

Sisemi muache bugali. Mi mwenyewe nitaikula leo. Nasema mutoto akinenepa bila kucheka, finya muguu yake kabla ya kutafuta adui, halafu ukimbie kituo cha afya. Asante kwa wale wa blouse nyeupe. Asante kwenu mulionichotea maji majuma yale yote tulikuwa ku kituo.

Na wewe maman unayeketi nyuma, na kikapu ku magoti. Najua ndani iko nini. Tangu tulirudi, kila Jumapili unatuletea avoka, na kila Jumapili unaikata mbele yangu, unaonja, unameza, ndipo unamupa mutoto. Muaka muzima. Niliona, na aibu ilinifunga mudomo. Leo, mbele ya hawa wote, nanyoosha mukono. Usionje. Nipe hivyo hivyo.