Siku Amissi Alipozima Injini Ngazidja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Vuteni kiti. Leo tunamkumbuka Amissi Karimu, fundi wa magari wa mtaa wa Asiatique, hapa Bujumbura. Alifariki Alhamisi iliyopita, akiwa na miaka sabini na moja. Amissi Karimu. Kama una gari kuukuu mjini humu, huenda mikono yake imepita humo.

Mkewe ni Bi Zubeda. Waliishi pamoja miaka arobaini na moja. Tangu mwaka wa kwanza Amissi alimwahidi: "Siku moja nitakutembeza kwa gari, kutwa nzima, mi na we tu." Siku hiyo ikakataa kufika. Wakitoka, hata mtaa wa jirani, Rohero, hawafiki. Amissi ameona gari la mtu limekwama, kapo ya kufunika injini imeinuliwa, moshi unatoka, naye huyo, ameshashuka! Siku moja ya Idi alimwacha Bi Zubeda kando ya njia na sahani ya pilau mapajani. Pilau ikapoa, mama wa watu akarudi nyumbani kwa miguu.

"Mi niliolewa na garaje," anasema.

Miezi minne iliyopita binti yao Asiya, aliyeolewa Komoro, kisiwani Ngazidja, akawatumia tiketi. Walipofika akawakodia na gari, la siku moja. "Baba, leo ni ya mama," akamwambia. Siku moja tu, wasikilizaji, maana kesho yake ndege ilikuwa inawarudisha Bujumbura.

Bi Zubeda akavaa kitenge kipya. Akangoja. Amissi yuko chini ya gari, anakagua breki.

"Amissi, gari si yako!"

"Gari si yangu, lakini bibi ni wangu."

Hapo Bi Zubeda akaingia garini, akafunga mlango.

Waliondoka saa tatu asubuhi. Ngazidja ni kisiwa cha volkano. Moto wa mlima Karthala ulimwagika zamani hadi baharini, ukaganda, na barabara inapita juu ya mawe yale meusi. Bi Zubeda aliyaona yamekunjamana kama uji uliofurika sufuria ukaungulia mekoni. Alicheka peke yake. Mbele kulikuwa na ziwa la chumvi, ndani ya shimo la volkano, na hilo ndilo alilolitamani kuliko yote.

Kisha, kwenye kona, gari. Kapo juu. Amissi akapunguza mwendo, na moyo wa Bi Zubeda ukapiga pa! Akatazama vizuri. Tayari fundi yupo, grisi hadi viwiko, na mwenye gari amekaa kivulini anakula ndizi. Na bado Amissi anaegesha!

"Apana, Amissi! Ile gari iko na fundi wake. We unakimbia nini? Unanikimbia mi?"

Amissi akazima injini. Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu, na mshindo wenyewe ndio huu:

"Ndiyo, Zubeda. Nakukimbia. Na injini najua kuongea. Lakini na we, kutwa nzima, naogopa nitakosa neno. Utaona uliolewa na mutu mujinga."

Jamani! Miaka arobaini na moja, mtu anamwonea haya mkewe! Bi Zubeda alitaka kukasirika, akashindwa. Alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Basi nieleze hiyo injini," akasema.

Akaeleza. Akaeleza mpaka ziwani. Maji ya kijani yametulia chini yao, na Amissi anasimulia kabureta. Kutoka kabureta akafika kwa marehemu mama yake, kisha njaa ya utotoni, kisha siku alipomwona Zubeda mara ya kwanza, akajificha nyuma ya lori. Wakakizunguka kisiwa hadi jioni. Hawakusimama tena kwa gari la mtu.

Tangu siku ile Amissi hakunyamaza.

"Miezi minne aliongea," Bi Zubeda ametuambia, anacheka na kulia. "Asubuhi, kwenye chakula, kitandani. Nilimwambia, yoo, we mwanaume, pumzika! Nikasema moyoni, acha amalize, halafu na mi nitasema yangu. Zamu yangu haikufika."

Tunawapa pole Bi Zubeda, Asiya, na mafundi wote wa Asiatique. Mwenyezi Mungu amrehemu Amissi Karimu. Nawe msikilizaji, kama mtu wako yuko hapo karibu, punguza sauti ya redio hii. Mwambie lako sasa hivi. Mi sitakasirika.